Huwezi kutamba peke yako

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa Kiswahili jijini Tanga. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na kelele za ukumbini.

Mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, walimu wenzangu. Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa dakika sita. Alipofika kwenye mambo niliyofanya mwaka 1998 nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine kasimama nyuma yangu. Namshukuru. Lakini angalieni kilichotokea: yote hayo kayasema yeye, mimi nimekaa nimeinamisha kichwa kama bwana harusi, nanyi mmepiga makofi. Ningesimama mimi nikayasema yaleyale, neno kwa neno, sasa hivi mngekuwa mnatazamana. Na mkifika nyumbani mngeniitaje? Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, kwa sababu Kiswahili hakina jina moja kwa mtu huyo.

Jana usiku nilichukua daftari nikaandika yaliyonijia kichwani bila kufungua kamusi. Kujisifu, kujigamba, kujivuna, kujitapa, kujinaki, kujidai, kujikweza, kujishaua, kujitutumua, kujiona, kujisikia. Halafu yasiyo na "ji": kutamba, kuringa, kukoga. Halafu majina: maringo, madaha, mikogo, nyodo, mbwembwe, makeke, ngebe. Ya mtaani nayo: kupiga mkwara, kuchimba biti. Nikachoka nikalala. Asubuhi binti yangu akachungulia lile daftari, akacheka, akaniuliza, "Baba, na kujimwambafai umekuacha wapi?" Nikaliongeza.

Sasa ukienda kwenye kamusi kuuliza tofauti zake, utazungushwa kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja. Kujigamba, nenda kujisifu. Kujisifu, nenda kujivuna. Kujivuna, rudi kujigamba. Mimi sikubali. Haya maneno yana kambi zake, na ukitaka kuziona kambi hizo uliza swali dogo tu: aliyesikia anaruhusiwa kujibu?

Tuanze na sarufi, maana ndiyo kazi yetu. Mswahili anasema: anakuringia. Anakutambia. Anakukoga. Sikilizeni hiyo "ku" katikati. Yupo wewe. Kitenzi kimekutengea kiti, na anayetamba anajua kabisa anamtambia nani. Halafu wewe nawe ukimrudishia, tunasema wanatambiana, wanaringiana, wanakogana. Sasa jaribuni na kujivuna. "Anakujivuna." Haiendi. "Wanajivunana." Mdomo wenyewe unakataa. Ile "ji" imekwisha kukikalia kiti cha mtendwa. Mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja, mlango umefungwa, wewe uko nje unasikia sauti tu.

Na kujivuna kuna mchezo mwingine mzuri zaidi. Kuvuna tunakujua: kuna shamba, kuna mvua, kuna jirani anayekuazima gunia. Anayejivuna amejigeuza shamba, akajigeuza na mvunaji. Sidai kwamba ndiyo asili ya neno. Nasema sikio linasikia hivyo. Sasa ongeza irabu moja, sema kujivunia. "Najivunia wanafunzi wangu." "Tunajivunia Mlima Kilimanjaro." Ghafla ni jambo jema, linaandikwa hata kwenye mabango ya barabarani! Ile kauli ya kutendea imeingiza kitu kingine ndani ya sentensi, kitu kilicho nje ya msemaji. Mvunaji kapata shamba la kweli. Nimefundisha kauli ya kutendea kwa miaka mingi kwa mifano ya "pika, pikia" na "lima, limia", na huu hapa mfano ulikuwa umelala mlangoni.

Kutamba nako kuna siri yake. Jogoo anatamba uani. Mtu mwenye viatu vipya anatamba barabarani. Bondia anatamba siku ya kupima uzito. Na bibi kizee usiku, taa imepunguzwa, naye anatamba: anatamba hadithi. Wenzetu wa Kenya mashuleni humwita msimulizi mtambaji. Neno hilohilo! Nalo halikosei, kwa sababu mtambaji wa hadithi haanzi mpaka ajibiwe. Anasema "Paukwa!" Akikuta kimya anarudia. Mkikaa kimya tena, anajifunika kanga yake analala, na nyinyi mtakuwa mmeikosa. Ile "Pakawa!" yenu ndiyo ruhusa. Kwa hiyo iwe ni ya jogoo, ya bondia au ya bibi, kutamba kunataka mtu upande wa pili.

Hapa pwani watu wamelielewa hilo zamani, wakalijengea hadi jeshi. Jeshi la ngoma, naam. Wazee mmewahi kusikia habari za beni. Ngoma ile ilianzia pwani ya kaskazini, huko Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikaigiza bendi za kizungu: tarumbeta, ngoma kubwa, sare, vyeo. Mombasa walikuwa na vyama vya Kingi na Skochi. Huku Tanganyika vikaenea vyama vya Marini na Arinoti, mji kwa mji, na vita vya kwanza vya dunia vikaisambaza beni zaidi kwa sababu askari na wapagazi waliibeba. Marini walijiona wastaarabu, nguo safi, mwendo wa kupima. Arinoti walikuwa wakitazamwa kama watu wa chini, nao wakalipokea hilo wakalifanya ngebe. Mtu anayeshinda bandarini akibeba magunia, jioni ni Jenerali, na ana sare. Maofisa wa Kiingereza walishtuka, wakaanza kuandikiana barua wakidhani kuna siasa imefichwa mle. Pengine ilikuwamo. Lakini kilichowapa watu usingizi wa mang'amung'amu kilikuwa kingine kabisa: wale wenzetu wa mtaa wa pili wametoka na tarumbeta mpya, sisi tutatoka na nini?

Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na ngoma yao, lelemama. Wakipeana zamu: leo chama hiki kinafanya karamu, kesho chama kile kinachinja ng'ombe zaidi, na nyimbo zinawafuata waliozidiwa hadi kisimani. Nasikia kuna waume waliofilisika kwa ajili ya ng'ombe wale. Siwahurumii sana.

Hapa kuna methali tunayoiharibu kila siku: mafahali wawili hawakai zizi moja. Wengi wetu tunasema "mafahari". Fahali ni dume la ng'ombe. Fahari ni utukufu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao kujisifu ni tawi zima la ushairi na washairi wao walisimama kabila kwa kabila kushindana nalo. Nikiwa kijana nilikuwa nikisahihisha kosa hilo kwa wino mwekundu. Siku hizi nalitazama, natabasamu, naliacha. Fahari mbili ndani ya zizi moja: mwanafunzi kakosea tahajia, lakini kapatia jambo.

Mashairi nayo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa, iliyotawaliwa na ukoo wa Wamazrui, na Lamu hazikuwa zikisalimiana. Zilipigana pale Shela, na Lamu wakashinda. Lakini kabla ya mishale na baada yake kulikuwa na tungo. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutetea mji wake kwa beti, na upande wa Lamu alikuwepo Bwana Zahidi Mgumi, mtawala na malenga, naye akarudisha. Kawaida ya kujibizana mnaijua: mwenzako akikupiga kwa bahari fulani, yaani aina ya shairi, na vina fulani, unamrudishia kwa bahari hiyohiyo na vina hivyohivyo. Huruhusiwi kukimbilia vina rahisi. Ni kama kukaribishwa nyumbani kwa mtu ukamshinde ndani ya sebule yake, kwa viti vyake. Kwa kufuata utaratibu huo mgumu, adui unampa heshima kubwa mno: umeisikiliza kila silabi yake.

Na Siti binti Saad mnamjua, yule mwana wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alipoanza kung'ara pale Unguja mjini wapinzani wakamtungia wimbo. Wakamuuliza amekuwa mtu lini, huyu aliyeingia mjini na kaniki, na kama si ile sauti angekula nini? Kaniki, yaani nguo ya mtumwa na maskini. Ni kijembe cha kumzika mtu mzima. Siti hakujibu kwamba kaniki hakuivaa. Alijibu kwa wimbo vilevile, akasema uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si hoja. Hasara ya mtu ni kukosa akili. Basi. Hebu fikirini: waliomshambulia walikuwa wakitamba kwa nasaba, yeye akahamisha uwanja. Leo majina ya wale waliomtungia hatuyaimbi.

Niseme sasa la nyumbani, la hapahapa Tanga. Nilikua Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Mji huu ulikuwa na vikundi viwili vya taarabu, Black Star na Lucky Star, na nyumba ilikuwa ya huku au ya kule, kama ilivyo Simba na Yanga. Shangazi yangu alikuwa wa Black Star kufa na kupona. Barabara chache mbele kulikuwa na mama mmoja, Mungu amrehemu, simtaji jina, ambaye alikuwa wa upande wa pili. Ugomvi wao ulianza kwa nini, hakuna aliyewahi kuniambia. Wengine walisema ni mwanamume, wengine walisema ni cherehani.

Siku ya harusi moja, mimi nina miaka kama kumi, nimekaa miguuni pa shangazi nakula kashata. Kavaa doti mpya imeandikwa "Mtasema mchana, usiku mtalala". Waimbaji wameanza, yeye katulia tu. Bibi mwimbaji akafika kwenye ubeti fulani, kuna neno humo la mtu mwenye husuda. Shangazi akainuka. Noti kaishika juu kwa vidole viwili, kama mtu anayeonyesha tiketi. Jukwaa lilikuwa kulia kwetu. Yeye akaenda kushoto. Akazunguka viti, pole pole, madaha matupu, hadi mbele ya yule mama, na pale mbele yake akasimama kuifunga vizuri kanga yake, akaivuta mpaka yale maandishi yakakaa sawasawa nyuma kiunoni, yasomeke. Kisha akaenda akamtunza mwimbaji, akarudi kwa njia ileile. Hakusema neno hata moja. Alipokaa chini alikuwa anatweta kama aliyepanda Usambara kwa miguu.

Yule mama hakutikisika. Wiki tatu baadaye, harusi nyingine. Kaingia yeye, na nyuma yake wanawake saba, wote wanane sare moja, doti moja, kanga imeandikwa "Hasidi hana sababu". Shangazi aliwahesabu. Akasema tu, "Wanane," akanyamaza. Usiku ule taa ya chumba chake haikuzimwa.

Ilikwenda hivyo kwa miaka. Halafu binti wa yule mama akaolewa Muscat, mama akamfuata huko. Nikaona shangazi bado anakwenda harusini, lakini kanga ni zile za zamani. Akipita karibu na jukwaa hazunguki. Nikamuuliza, mbona hununui mpya? Akanijibu bila hata kunitazama, anachambua mchele: "Nitamwonyesha nani?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya fasihi simulizi, na hakuna kilichonieleza kutambiana kama ule mchele.

Baadaye Dar es Salaam wakaliweka jambo hili jukwaani likawa biashara. Miaka ya 1990 kulikuwa na kikundi cha Muungano na kulikuwa na kile cha TOT, Nasma Khamis huku na Khadija Kopa kule, na watu wakilipa kiingilio kwenda kusikia nani kampasha nani. Kupasha, mipasho. Halafu likaja jina tamu kuliko yote, rusha roho. Tazameni roho inayorushwa ni ya nani: ya msikilizaji! Wimbo umempa jina lake yule anayeumia. Kuna walimu wenzetu wanaosema mipasho iliharibu taarabu. Mimi nakubali kwamba mafumbo yalipungua makali, mtu akaanza kutukana waziwazi, na tusi halijibiki kwa vina. Lakini ugomvi wenyewe wa vikundi haukuletwa na miaka ya 1990. Unguja walikuwa nao tangu enzi za Akhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, na vyama vya baadaye vikaukuta umekaa kitako.

Tutoke pwani kidogo. Kwenye vitabu vyetu vya shule kuna utanzu unaitwa majigambo, na Kenya wanauita pia vivugo. Ukienda Bukoba kwa Wahaya utakuta ebyebugo. Vuka Uganda kwa Wahima wa Ankole, utakuta ebyevugo. Rwanda, ibyivugo. Neno moja lenye makazi manne. Shujaa anasimama, mkuki mkononi, anajitaja majina yake ya sifa, anataja alipopigana na aliyemwangusha, kwa kasi, mistari inafuatana kama mvua ya mawe, na waliokaa wanaitikia. Hapo utaniuliza: huyu anajibiwa na nani? Mbona hakuna mpinzani? Yupo, ila hajafika. Shujaa alikuwa akijigamba mbele ya mtawala na wenzake kabla ya kwenda vitani, na maneno yake yalikuwa kiapo. Ukisema mimi ndimi nisiyerudi nyuma, kuna watu mia wamesikia, na kesho watakuwa na wewe bondeni. Jibu linatoka huko. Ndiyo maana yule mfalme wa Israeli katika kitabu cha Wafalme, alipoletewa vitisho na adui yake, hakurudisha matusi. Alisema mwambieni, avaaye asijisifu kama avuaye. Anayevaa silaha asijione sawa na anayezivua jioni. Watu wa Ankole wangemwelewa mara moja.

Muhammad Ali alifanya hivyohivyo, na watu wakamwita domo kubwa. Mwaka 1962 alitangaza kwamba Archie Moore ataanguka raundi ya nne. Ametaja raundi, jamani. Kajifunga mwenyewe kwa kamba yake. Na raundi ya nne ikawa. Miaka 12 baadaye akaja hapo jirani Kinshasa akamkabili George Foreman, akamwangusha raundi ya nane, na Afrika nzima haikulala. Hiyo ni tambo yenye tarehe.

Ndipo tunapata tofauti ya tambo na mkwara, ambayo kamusi zetu hazijaiandika vizuri. Anayepiga mkwara anaomba Mungu ile siku isifike. "Ningekuonyesha, una bahati nina haraka." "Nishikeni, nishikeni!" na hakuna aliyemshika. Kuchimba biti ni ndugu yake. Anayetamba kwa haki anaitaka siku ifike, na mara nyingi ameshaiandika kwenye kalenda.

Kalenda ya nchi hii mnaijua, mechi ya watani wa jadi. Yanga ya mwaka 1935, Simba ya mwaka 1936, na toka hapo hakuna aliyenyamaza. Jina lenyewe lina akili: watani. Utani wa Wangoni na Wahehe ulikuja baada ya kuuana vitani. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi umetoka kwenye njia za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaruhusiwa kukuambia lolote hata msibani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Tumechukua sheria ile ya makabila tukaivika jezi. Wiki nzima kabla ya mechi vijiwe vya kahawa havifanyi kazi nyingine. Mmoja anatamba, mwingine anamsubiri amalize, anamjibu, kahawa inapoa. Jumapili asubuhi, kiti cha aliyefungwa kitupu, na simu yake haipatikani. Hiyo ndiyo hati ya madai. Kila tambo ni mkopo, na wiki hiyo watu wamekopa mno.

Mimi mnajua ni wa Msimbazi, mtu wa Simba, sifichi. Nikisema sita bila tuliyowafunga Yanga, mwaka 1977, Abdallah Kibadeni kafunga matatu peke yake...

(Kelele ukumbini.)

Nimesikia. Nimesikia "tano moja" huko nyuma. Novemba 2023 Yanga mlitufunga, najua, nilikuwepo duniani. Nitakuja kwako bwana, subiri. Na ile tano bila tuliyowafunga mwaka 2012, hiyo hamkuitaja. Haya.

Turudi kwenye kambi ya pili, ya wale wenye mlango uliofungwa. Maandiko yote tuliyolelewa nayo yanawakemea hawa, si wale wa kijiweni. Katika Kurani, Luqmani anamuusia mwanawe asitembee katika ardhi kwa maringo, kwamba Mwenyezi Mungu hampendi anayejivuna na kujifaharisha. Tazameni hilo "kutembea". Kiburi kinaonekana kwenye shingo kabla ya kusikika mdomoni. Mtunzi wa utenzi wa Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliwachora mabwana wa Pate namna hiyohiyo: wanatembea wanarusha mikono, shingo zimepinda, askari mbele, askari nyuma. Askari mbele na nyuma! Ni nani angewajibu? Shangazi yangu alikuwa na noti moja na kanga moja, na mtu yeyote mwenye doti angeweza kumrudishia. Wale wa Pate walijizungushia watu ili asipatikane wa kuwarudishia. Kisha mshairi anatuingiza ndani ya majumba yao: kwenye madaka ya ukutani yaliyopangwa visahani vya kaure sasa wamelala makinda ya ndege, na katikati ya nyumba bundi anakoroma. Basi mwenye kuwajibu akawa bundi.

Nimewahi kufanya kazi chini ya mkuu mmoja, sitaji wapi, aliyekuwa akifungua kila kikao kwa nusu saa ya mafanikio yake. Tulikuwa tunaandika kwenye kumbukumbu: "Wajumbe walipokea kwa furaha." Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Mkono huu.

Na dhambi yangu kubwa zaidi ilikuwa darasani. Nilifundisha majigambo miaka kumi na kitu hivi: maana yake, sifa zake, dhima zake, andikeni. Tungo za nafsi ya kwanza, hujaa chuku, yaani kutia chumvi, hutumia sitiari. Siku moja mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono, "Mwalimu, anajisifu kwa nani?" Nikamwambia kaa chini, hilo halimo kwenye mtihani. Na kweli halikuwamo.

Mwaka uliofuata nikajaribu kitu kingine. Nikatoa viti, nikawasimamisha vijana wawili wakatazamana, mmoja wa Muheza na mmoja wa Lushoto. Sharti moja tu: lazima ujibu alichosema mwenzako kabla hujasema lako. Yule wa Muheza akaanza kwa aibu, sauti ndogo. "Mimi ndimi wa Muheza. Chungwa langu hulala shambani jioni, alfajiri liko Kariakoo linagombewa." Darasa likaitikia. Wa Lushoto akavuta pumzi. "Linagombewa na wakohozi! Wakimaliza chungwa lako wanakuja kwangu kutafuta hewa. Mimi ndimi wa Lushoto! Kabichi yangu moja inalisha nyumba tatu, na mchana mnavaa masweta mkija kunisalimia!" Yule wa Muheza hakusubiri hata watu wamalize kucheka. "Masweta tunavaa kwa sababu jua mlilikosa, likabaki kwetu linaivisha machungwa!" Sikuwa nimewafundisha neno hilo. Kengele ililia hakuna aliyetoka. Nje dirishani walikuwa wamejaa wa kidato cha nne, wamegawanyika tayari, Muheza upande huu, Lushoto upande ule, na mwalimu wa hesabu yuko katikati yao anasahau kipindi chake.

Walipokuja kufanya zoezi la kuandika, hakuna aliyeniuliza chuku ni nini.

Kwa hiyo, walimu, ombi langu ni la kazi tu. Mkirudi shuleni, lile swali la "eleza sifa tano za majigambo" lipumzisheni muhula mmoja. Wapeni beti nne za mtu anayejisifu, kisha waambieni waandike beti nne za aliyesimama mbele yake, kwa vina vilevile. Mtasahihisha kwa tabu, nawaonya, maana hakuna majibu kwenye mwongozo.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nami naona yule bwana mwenye shati la kijani pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja sita bila. Mpelekeeni kipaza sauti.